Ruhusa ya Kupanda Farasi

Mkolani, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, maana najua amekaa karibu yako anasikiliza. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Huo mguu umeupitishaje kwenye baridi ya huko Siha? Mkongojo unautumia, au umeuficha nyuma ya mlango ili watu wasikuone nao? Kahawa imechumwa? Nijibuni hayo kwanza, kabla hamjanikasirikia.

Baba, mimi sipiki tena. Tangu mwaka jana ninapanda farasi.

Naomba usiiweke barua chini. Mnajua kwamba nilipopunguzwa kazini Moshi nilikuja huku kwa sababu ya viwanda vya samaki, nikapata kazi ya jikoni kwa mwenye kiwanda kimoja cha Nyakato. Nyumba yake iko ziwani, mbele kidogo ya Mkolani. Ambalo sikuwaandikia ni kwamba mama yake, Bibi Matilde, ni Mreno mwenye miaka zaidi ya sabini, na kazi yake maisha yote ilikuwa kufundisha farasi na wapandaji. Alikuja na farasi wawili kwa lori kutoka Kenya. Kiswahili anakijua, alikaa Mombasa miaka mingi na marehemu mumewe.

Siku ya kukatwa kwato, farasi jike, Bela, aligoma na kumburuta mlinzi. Mimi nilitoka jikoni na mikono ya unga, nikasimama begani kwake kama ulivyokuwa ukisimama wewe ulipotunza farasi wa mzungu, nikamwacha apumue. Akatulia. Bibi akaniuliza, "Nani amekufundisha kusimama hapo?" Nikasema, "Baba yangu." Kesho yake akamtafuta mpishi mwingine.

Najua ulichosema siku ile ulipotoka hospitali, farasi amekuangusha na nyonga imevunjika: kwamba hakuna mtoto wako atakayepanda mgongo wa farasi. Nilikuwa mdogo lakini nilisikia. Ndiyo maana kila barua niliwaandikia habari za ugali na samaki.

Lakini mafunzo ya Bibi si kama ya shamba la mzungu mliyemtumikia, Baba. Hapa hakuna mnyororo wala fimbo ya kupigia. Kiangazi kizima nilizungushwa duara, Bela amefungwa kamba ndefu, mimi juu yake bila hatamu, bila vikuku vya kutia miguu, mikono imekunjwa kifuani. Mapaja yalichubuka nikawa nalala kifudifudi. Bibi anakaa katikati ya uwanja kwenye kiti cha jikoni, anasema neno moja tu: "Tena." Alipokuja kunipa hatamu akaniambia, "Zishike kama unavyomshika mzee mkono ukimvusha barabara. Usimburute, usimwachie." Farasi anafundishwa kuhamishia uzito wake nyuma, mbele kuwe kwepesi, kisha kwenda upande, kisha mwisho kabisa kunyanyua miguu kwa mdundo kana kwamba anakimbia, huku yupo palepale. Unamwomba, unasubiri. Akikupa kidogo, unamshukuru na unashuka. Hiyo ndiyo sheria.

Watu wanaopita na ng'ombe wanasimama nje ya ua kututazama. Mzee Masanja wa Misungwi, anayetuletea majani, aliuliza siku ya kwanza, "Binti, huyo farasi mnampeleka wapi? Tangu asubuhi hamjafika." Nilicheka hadi nikakaribia kuanguka.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike.

Huku ziwani, baada ya masika, kuna vidudu vidogo kuliko mbu vinavyotoka jua likizama. Vinawaletea farasi ugonjwa usio na dawa. Kwa hiyo Bibi ameamuru: saa kumi na moja jioni farasi wawe bandani, mlango na wavu vimefungwa. Mwezi uliopita alikwenda Nyakato, kiwandani kwa mwanawe, akaniachia Bela. Jioni ile, Baba, Bela alinipa. Kwa mara ya kwanza alinyanyua miguu palepale, mgongo ukapanda chini yangu. Hatua nne, kisha sita. Nilijua ni wakati wa kushuka. Sikushuka. Nilimwomba tena, na tena, nikijiambia mara ya mwisho. Nilipoinua macho, wavuvi wa dagaa walikuwa wameshawasha taa zao ziwani, na vidudu vinaniuma shingoni.

Nikamwingiza bandani, nikampangusa, nikanyamaza.

Siku ya saba aliacha kula. Siku ya nane mwili ulikuwa moto na sehemu ya juu ya macho, ile inayobonyea, ilikuwa imevimba. Bibi alipoona uvimbe alikaa chini kwenye majani. Akaniuliza, "Kuna siku alichelewa kuingia?"

Nikasema, "Hapana, Bibi."

Daktari wa mifugo alikuja, kijana mwema, akakiri kwamba farasi amewasoma kitabuni tu. Maisha yake ni ng'ombe na mbwa. Akatuambia tumpe kivuli, maji, na asisogezwe. Siku mbili nilikuwa namhesabia pumzi. Nikisikia kikohozi kidogo tu nakimbilia bandani. Mzee Masanja alinikuta kisimani, akatua mzigo wake wa majani, akasema polepole, "Jioni ile nilikuwa napita. Nilikuona. Mimi sitasema, si mnyama wangu. Lakini yeye hawezi kusema, wewe unaweza."

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Bibi. Alikuwa anamkanda Bela shingo kwa kitambaa cha maji, hakugeuka. Kisha akauliza, "Hatua ngapi?"

"Mara ya mwisho, kumi na mbili."

"Na alipokupa mara ya kwanza?"

"Nne. Kisha sita."

"Zile nne zilikuwa za kwake," akasema. "Zilizobaki zilikuwa zako."

Hakunipigia kelele, Baba. Afadhali angenipigia. Alichukua tandiko langu, akalifungia chumbani kwake.

Bela hakufa. Siku ya tano tangu augue homa ilishuka, akalamba pumba zilizolowekwa kutoka mkononi mwangu, nikalia mbele ya watu wote. Lakini moyo wake haujulikani. Wengine hupona, kisha wakifanyishwa kazi mapema huanguka ghafla. Kila asubuhi namtembeza kwa kamba, pole pole, hadi kwenye mawe makubwa na kurudi, sikio langu ubavuni mwake. Kila siku naogopa ndiyo siku yenyewe.

Juzi Bibi aliniita. Akauliza, "Baba yako, aliyekufundisha kusimama begani, anasemaje kuhusu wewe kupanda?" Nikashindwa kudanganya tena. Nikamwambia kwamba hujui. Akasema, "Mtu aliyeficha mara mbili simpandishi farasi wangu. Mwandikie. Akikataa, utarudi jikoni, na nitakuheshimu. Akikubali, tutaanza upya, duara, bila hatamu."

Basi Baba, ndiyo hii naandika. Sikuombi unihurumie. Nyonga ni yako, maumivu ni yako, na niliyadharau kwa kunyamaza. Ukiniambia nisipande, sitapanda. Lakini ujue kwamba nikiwa juu ya Bela nasikia jambo ambalo sijawahi kulisikia mahali pengine, na sina jina lake.

Nisalimie dada Ndeshi na wanawe, mwambie kitenge chake kipo. Kaka mkubwa apunguze maneno na jirani kuhusu mpaka. Mchungaji, na shangazi anayekuletea maziwa, wote nawasalimu. Mama, usilie, sijaanguka hata mara moja tangu Pasaka.

Jibu, Baba, liandike kwa mkono wako mwenyewe, hata likiwa neno moja. Usimpe Mama akulainishie. Bibi amesema ataushika mwenyewe huo ukurasa na kuutazama, maana nikimsomea mimi hataamini.

Ni mimi mwanao,
Eliaichi