Lori la Kwanza Darajani

Kaka yangu kipenzi,

Sisi hatujambo. Mama amepaka jikoni rangi ya kijani, na hataki maoni ya mtu.

Ule mchezo wa vita uliomwekea Baba kwenye kompyuta umemteka kabisa. Amekuta humo vita vile alivyopigana ujanani, na hata daraja alilokuwa akivushia malori ya jeshi. Ila kucheza hajui! Kila mara anatanguliza lori moja peke yake, linalipuliwa darajani, naye anaridhika na kuanza upya. Jana nikamcheka: "Dereva gani wewe, Baba? Si utangulize kifaru!"

Akanijibu bila kugeuka: "Siku ile ilikuwa zamu yangu kutangulia. Nikasingizia lori limegoma, akatangulia rafiki yangu. Hakufika ng'ambo."

Kisha akaomba chai, nikamletea.

Najua uliahidi kumfundisha mbinu kwa simu. Mpigie, kaka, anakukumbuka mno. Muulize magoti yake, mtanie kuhusu kipara. Lakini kushinda, tafadhali, usimfundishe.

Mdogo wako asiyejua kutunza siri,
Kasuku