Tairi la Kwenda kwa Mama

Jumamosi, Sombetini

Fundi wa pancha pale Ngarenaro alisema wazi: msumari umeingia ubavuni mwa tairi, na ubavu hauzibwi, likipata moto barabarani linapasuka. "Mama, nunueni lingine."

Mume wangu akamwambia, "Weka kiraka tu. Anaenda kwa mama yake hapo Kikwe."

Nikaenda. Kila lori liliponipita nilishika usukani kwa nguvu na kusali. Mama akaniuliza mbona nimechelewa hivyo. Nikasema ni foleni.

Jioni wifi yangu alikuja kuomba gari aende Usa River. Mume wangu akamjibu bila hata kufikiri, "Hapana, dada. Tairi lile si salama, litakuua."

Nilikuwa nawamiminia chai. Kumbe alimsikia fundi vizuri kabisa.