Kigonge Chungu cha Bibi

Mdogo wangu Leokadia,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya lolote, mpe mama shikamoo yangu, umshike mikono yote miwili. Macho yake vipi? Na kikohozi chako cha moshi wa kuchomea vyungu? Mimi huku Dar es Salaam Mungu ananilinda, bado napika pale hosteli ya masista, ila miguu inavimba.

Barua hii nimempa mama mmoja wa jumuiya yetu anayekuja huko kwa treni, akupe mkononi. Sikupiga simu kwa sababu simu ni ya mumeo. Usikasirike, soma kwanza.

Juzi sista alinituma mjini, nikapita duka la vinyago. Juu ya rafu, kimewashiwa taa yake peke yake kama sanamu ya Bikira Maria, nikaona chungu. Nikasogea. Shingoni kina mchoro wa kamba, na mchoro haukukutana, pameachwa nafasi ya kidole. Nani anaacha nafasi ile zaidi ya nyumba yetu? Si unakumbuka bibi alivyotuchapa tukiifunga: "Kiacheni kipumue!" Ndivyo vyungu alivyoshuka navyo kichwani kutoka Kalinzi hadi Ujiji, na wanawake wa kule wakivigombania, eti mgebuka wa ziwani ukipikwa humo hauhitaji kiungo.

Nikamuuliza muuzaji kimetoka wapi.

"Kigoma, mama. Cha kale hicho. Aliyekifinyanga alishakufa."

Nikanyoosha mkono nikigonge. Akanidaka. "Mama, mama! Hicho hakigongwi. Ni cha kuangalia tu."

Chungu cha kuangalia! Tangu lini? Kama ni kizima anaogopa nini?

Nimesali rozari nzima, moyo haujatulia. Shemeji mwenyewe aliniambia kuna bwana anakuja na pikipiki kutafuta vyungu vya zamani. "Mtu mzuri sana, dada." Halafu nikasikia jiko lenu limeezekwa bati. Chungu cha bibi ndicho kilichotupa maji sote siku ya ubatizo wetu, na mama amesema kisitoke ndani ya nyumba ile. Sasa haoni, akipapasa shingo akakuta nafasi, anaridhika. Na mkono wako, Leo, umefanana na wa bibi. Kufinyanga kingine cha kukaa pale pembeni hakukushindi. Mungu anisamehe kwa kuwaza hivi.

Nisalimie baba mdogo na kahawa yake, katekista wetu, na wanao wote. Shemeji pia msalimie kama kawaida, asijue.

Jumapili baada ya misa nitampigia shemeji, nitaomba kumsalimia mama. Atakupa simu uingie nayo ndani. Ukifika penye chungu usinieleze kitu, wala usiape. Kigonge tu kwa kifundo cha kidole. Cha bibi kinalia kama kengele ya altareni, kinachelewa kunyamaza. Umbo unaweza kuliiga, mdogo wangu. Sauti ile huiwezi.

Dada yako anayekuombea,
Yusta