Kiatu cha Kushoto

Kaka yangu,

Huku tuko salama, ila kuku wa jirani wametumalizia mchicha. Pikapu ya marehemu Baba bado inatembea, na pedali ya klachi bado inanasa chini. Fundi ametoa hewa, ameongeza oili, wapi. Sasa anataka kubadilisha silinda ya klachi. Nimemwambia asubiri.

Naendesha kama Baba: nikishakanyaga, naiinua pedali kwa ncha ya kiatu. Unakumbuka tulivyomcheka, kiatu cha kushoto kimechubuka juu, cha kulia kinang'aa?

Jana Mama alikuwa akipanga viatu mlangoni. Alipookota changu cha kushoto, alikipapasa pale kilipochubuka, akaniuliza, “Baba yenu amerudi saa ngapi?”

Nikamjibu kwamba amelala.

Njoo, kaka, Mama angali anatujua.

Mdogo wako, dereva wa Mama