Pindo la Gauni la Kijani

3 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo iko juu juu.

Usinipigie, simu nimeitupa. Ile orodha ya waliouawa kwenye maandamano, iliyozagaa mtandaoni, niliitoa mimi kwenye rejista ya hospitali. Redioni walisema wamekufa watatu. Mimi karani niliandika kumi na tisa kwa mkono wangu. Sasa wanamtafuta aliyeitoa. Ndugu wa marehemu ndio walionisaidia kuhakikisha majina, na wakinikamata watanibana niwataje.

Nilipo sikutajii. Mjomba ataleta barua kwa lori lake. Ukijibu, barua ishonee ndani ya pindo la nguo, maana barabarani wanapekua mizigo. Na sura yangu isionekane mtandaoni, hata kwa bahati mbaya. Hii ichome.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma kama kawaida yake, halina habari na siasa. Barua yako nimeisoma mara nne, kisha nikaitia jikoni, angalau ikasaidia kuchemsha chai.

Tangu darasa la kwanza walimu waliniambia huyu wako hajui kunyamaza. Nimekukasirikia, nikalia, halafu nikakaa kwenye cherehani. Gauni hili la kijani nimelitia mifuko miwili kama unavyopenda. Pindo nimelishona kwa uzi mwekundu ujue pa kufumua. Ningekuona umelivaa, hata mara moja tu, ningepata usingizi. Na ule chakula, tafadhali.

Mama yako

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Gauni limenikaa utadhani ulinipima jana. Pindo nimelifumua kwa wembe, barua nikaisoma mpaka nikaikariri.

Najua nakosea, lakini leo asubuhi nimeazima simu ya jirani nikakutumia picha moja. Ukishaiona, ifute. Hapa nashinda dirishani nasikiliza magari. Kila linaposimama moja, najificha nyuma ya mlango. Nimechoka, mama. Naogopa kweli kweli.

Mwanao

22 Juni

Mwanangu,

Sikuulizi hali, ondoka hapo kwanza. Vaa viatu, mengine utasoma njiani.

Picha niliifuta. Lakini juzi, kabla ya kuifuta, niliiweka stetasi ya simu, pale ninapowaonyesha wateja kazi zangu. Kichwa nilikikata, mwanangu. Ulisema sura isionekane, basi nikakukata kuanzia shingoni, nikajiona mjanja.

Jana akaja mwanamume nisiyemjua, anamtafutia mkewe gauni kama lile. Hakuuliza kitambaa, wala hakuwa na vipimo. Akasema, "Dirisha zuri lile, mama. Lile tangi la maji nyuma yake liko mtaa gani?"

Nikamjibu sijui, na kweli sijui. Alipotoka nikaikuza picha kwenye stetasi. Maandishi ya tangi yanasomeka yote. Nikaiondoa, lakini walikwishaiona watu mia moja na arobaini.

Ni mimi niliyekuponza, si mwingine. Simu ya jirani yako nimeipiga haipatikani, kwa hiyo sketi hii nimeishona mbio mbio, uzi ni ule ule mwekundu. Ondoka, nakuomba.

Mama yako

6 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Nakuuliza kwa mazoea, maana hakuna wa kunijibu.

Mjomba amerudi na sketi. Alikuta chumba kiko wazi. Jirani yako amemwambia walikuchukua siku moja kabla hajafika, ukiwa umevaa gauni la kijani. Nimekwenda vituo vitatu vya polisi, kote wanasema hawana mtu kama huyo. Nimewaeleza mifuko, rangi, hata urefu wa mikono. Kazi yangu naijua, lakini nilikuwa nalieleza gauni kama lililopotea kwa dobi.

Juzi alikuja mama wa kijana wa kwanza kwenye orodha yako, akanishika mkono, tukakaa. Alisema karibu wiki mbili sasa tangu uchukuliwe, hakuna hata ndugu mmoja wa marehemu aliyeguswa. Kwa hiyo najua hujawataja, na najua unafanywa nini kwa sababu hujawataja.

Mjomba ananisihi nifumue sketi, nitoe barua niichome, wasije wakaikuta. Nimeshika mkasi tangu asubuhi na mkono unakataa. Nikiifumua mimi itakuwa nimekubali kwamba hurudi. Uzi mwekundu uko pale pale. Utaufumua mwenyewe.

Na hii nimeiandika bila kujua nguo ya kuitilia.

Mama yako