Siku Gebhard Alipopiga Magoti

Hinterried, Allgäu
13 Januari 1958

Mpendwa mjukuu wangu Lorenz,

Pokea salamu za bibi yako, ambaye magoti yanamuuma ila ulimi mzima. Hujambo? Hedwig naye hajambo? Na huyo mtoto, kaota meno au bado anatafuna kwa ufizi kama mimi? Huku theluji imefika madirishani. Ng'ombe wazima.

Sasa nisikilize vizuri, maana dada yako Walburga atafika kwako Bremen Alhamisi kwa treni, na hatakueleza kitu.

Unakijua kile kichekesho chetu cha tendo moja, cha baba anayemkataa mchumba wa mwanawe, na mwishoni anampigia binti wa watu magoti. Kila kijiji hukigeuza kinavyotaka. Ng'ambo ya bonde baba ni msaga unga. Redioni walimfanya mwenye hoteli. Kwetu ni mwenye bucha, kwa kuwa anayemwigiza ni Gebhard Zwick na bucha anayo kweli. Miaka thelathini hajakariri maneno yake hata siku moja. Mimi hukaa na kitabu kwenye kisanduku chini ya jukwaa, namnong'oneza. Akikwama, hugonga mbao kwa kisigino mara mbili. Shule sikuiona, nililetwa huku mtoto mdogo kuchunga ng'ombe wa watu. Herufi nilijifunzia kwenye kitabu hichohicho.

Mwaka huu alisema kabadilisha kidogo tu. Kwenye karatasi sikuona ubaya, kwa sababu ubaya haukuandikwa. Jana alasiri anayeigiza binti akaingia na kofia ya kijani yenye unyoya wa jogoo, kama ya Walburga, anachechemea mguu wa kushoto kama yeye. Ukumbi ukaangua kicheko. Wote wanajua mtoto wa Gebhard alimwacha dada yako mwezi wa kumi, na wanajua kwa nini. Walburga alikuwa safu ya tatu.

"Mguu ule utabeba ndoo au ndoo itaubeba?" akasema Gebhard. Wakacheka tena. Halafu akakwama. Akagonga mara mbili. Nikatoa jibini mfukoni, nikatafuna.

"We mama, neno!" akanong'ona.

"Neno gani? Si umebadilisha?"

"Mama Notburga, nakuomba, watu wananitazama!"

"Ndiyo raha yake. Piga magoti."

Akapiga, mjinga yule, jasho linamchuruzika. Nikamlisha maneno yangu mwenyewe, naye akayatoa kama kasuku: "Binti, mimi ni nguruwe, na mwanangu ni mtoto wa nguruwe. Uliopinda si mguu wako, ni roho zetu." Watu walicheka hadi bia ikawatoka puani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Kisha wakamgeukia Walburga. Akainuka, akaupita ukumbi mzima akichechemea, na hao wapumbavu wakampigia makofi, wakidhani naye yumo mchezoni.

Nyumbani aliniambia neno moja tu: "Gebhard kawafanya wanicheke. Wewe bibi umewafanya wanipigie makofi." Akaanza kufunga mizigo. Nilikuwa namchuna Gebhard, nikasahau ngozi iliyo chini ya kisu ni ya nani.

Usimwulize kitu. Usimwonee huruma, hiyo anaichukia kuliko kicheko. Mpe supu, mpe kazi, na mkitoka pamoja utembee pembeni yake, si mbele.

Leo asubuhi Gebhard kaleta soseji. Eti Jumapili wanarudia, na bila mimi hawezi. Soseji kala mbwa. Kitabu kilikuwa hicho kimoja, na mageuzo yote ya miaka sitini yameandikwa humo kwa mkono. Nimekitia kwenye moto wa jiko, ukurasa kwa ukurasa. Maji yalipochemka nikamkanda dada yako mguu. Hakuuondoa.

Msalimie Hedwig, na shangazi yako Kreszenz ukimwona. Mbusu mtoto kwenye ufizi. Mungu awafunike nyote kwa blanketi moja, na dada yako alale katikati.

Akupendaye na asiyekuficha,
Bibi yako Notburga