Methodi na kile kitambaa cheusi

Dafroza, uko kazini huko Buffalo? Kaa chini kwanza. Mume wangu amesimamisha ujenzi wa kanisa.

Unakijua kile kitambaa cheusi kilichozungushwa kwenye kiwanja cha kanisa, kimeshikwa na vijiti? Jumamosi Methodi alikiona, akasema mchungaji mgeni akija kututembelea hawezi kukuta uchafu huu. Akaking'oa chote, peke yake, huku anaimba. Akaja kukitandika kwenye matuta yangu ya mboga, yale ya lengalenga. Nami nikamshukuru!

Jana mvua ikanyesha. Tope lote la kiwanja likashuka barabarani, likaziba mtaro, likafika mpaka mlangoni kwa yule bibi jirani.

Leo asubuhi akaja mkaguzi wa jiji, mama mmoja mpole. Kumbe kitambaa ni sheria, kinazuia udongo usitiririke. Akauliza nani alikitoa. Wazee wa kanisa wote wakatazama viatu vyao. Methodi akanyoosha mkono.

"Ni mimi. Nilikuwa nasafisha."

Nasafisha, Dafroza! Tope linamfika vifundoni, anasema nasafisha.

Mama yule hakucheka. Aliandika tu, akabandika karatasi: kazi isimame mpaka kitambaa kirudi na barabara isafishwe. Mafundi wakazima mashine, wakaondoka. Nasi tulitaka kuingia kabla ya Krismasi.

Nimemkuta Methodi mlangoni kwa bibi, anachota tope kwa sepetu. Hakuweza kunitazama.

"Kostansia, tafadhali, Dafroza wa Buffalo asisikie."

Nikamwambia, "Asikie kwa nani?" Nikashika sepetu la pili.